Kumbukumbu ni Mali ya Nani? Maoni juu ya Filamu Eternal Sunshine of the Spotless Mind

Kati ya filamu zilizojaribu kuoanisha mapenzi na sayansi ya kubuni, ni chache zinazostahili kuhakikiwa kwa makini kama Eternal Sunshine of the Spotless Mind, iliyotolewa nchini Marekani mwaka 2004. Mwongozaji wake ni Michel Gondry, Mfaransa. Mswada uliandikwa na Charlie Kaufman, Mmarekani, kutokana na kisa walichokibuni wawili hao pamoja na Pierre Bismuth, msanii wa Kifaransa, na mwaka 2005 watatu hao walitunukiwa tuzo ya Oscar ya mswada asilia. Sifa za filamu hii zimekwisha kutajwa mara nyingi, wala makala haya hayakusudii kuzirudia. Nia yetu ni kuuliza swali moja ambalo, kwa maoni yetu, ndilo libebalo filamu nzima, nalo hupitwa kwa urahisi na mtazamaji aliyeingia ukumbini kwa ajili ya kutoa machozi. Watu wawili wakiisha kupendana, kumbukumbu ya mapenzi yao ni mali ya nani?

Kisa chenyewe kwa ufupi ni hiki. Joel Barish, aliyeigizwa na Jim Carrey, ni mwanamume mkimya, mwenye haya, aandikaye katika daftari yale asiyoweza kuyasema. Clementine Kruczynski, aliyeigizwa na Kate Winslet, hufanya kazi katika duka la vitabu. Ni msemaji, mwepesi wa hasira na mwepesi wa huruma, abadilishaye rangi ya nywele kama wengine wabadilishavyo nguo. Wamependana kwa muda wa miaka miwili hivi, wakachokana, wakagombana usiku mmoja ambapo Clementine alirudi amelewa na gari la Joel limebonyea. Baadaye Joel anakwenda dukani kutafuta suluhu, zawadi mkononi, na Clementine anamtazama kama amtazamavyo mteja yeyote. Nyumbani kwa marafiki anaonyeshwa kadi ndogo ya kampuni iitwayo Lacuna, yenye kuarifu kwamba Clementine amefutiwa kumbukumbu zote za Joel na kwamba wanaomjua wanaombwa wasimtajie kamwe habari zake. Kwa uchungu, na kwa kisasi pia, Joel naye anakwenda kuomba afutiwe. Anameza vidonge, analala, na mafundi wawili wanaingia chumbani mwake na mashine. Sehemu kubwa ya filamu yatukia ndani ya kichwa cha mtu huyo aliyelala, kumbukumbu zake zikifutwa moja baada ya moja kuanzia ya karibuni hadi ya kwanza. Katikati ya kazi hiyo anabadili nia, lakini hana mdomo wa kuwaambia walio nje.

Yafaa tuanze na sayansi, kwa kuwa ndiyo iwatatizayo wale waliozoea filamu za vyombo vya angani. Lacuna, jina ambalo kwa Kilatini lina maana ya pengo, haina jumba la vioo wala taa za ajabu. Ni ofisi ya kawaida yenye chumba cha kungojea kama cha daktari wa meno. Katika chumba hicho ameketi mwanamke analia, na mbele yake vyombo vya mbwa wake aliyekufa. Karani wa mapokezi, Mary, yu katika simu akimweleza mteja kwa adabu kwamba si desturi ya kampuni kumfuta mtu mara tatu katika mwezi mmoja. Daktari mwenyewe, Howard Mierzwiak (Tom Wilkinson), ni mtu mpole wa makamo. Joel amwulizapo kama kazi hiyo yaweza kumharibu ubongo, hujibu bila kupepesa kwamba kazi yenyewe, kwa kusema kweli, ni uharibifu wa ubongo, lakini haizidi ule utokanao na usiku mmoja wa ulevi mkubwa. Nao mafundi, Stan na Patrick, hunywa, hucheza, huvinjari nyumba ya watu, na Stan na Mary hufika hata kurukaruka kitandani, mgonjwa akiwa amelala hapo hapo na kofia ya mashine kichwani.

Wako watakaosema kuwa hayo ni mzaha wa kuchangamsha filamu. Sisi twaona ni zaidi ya mzaha. Katika hadithi nyingi za aina hii hatari hutokana na mwanasayansi mwenye wazimu atakaye kuitawala dunia. Hapa hatari yatokana na ofisi yenye ratiba, bei, fomu na karani mwenye sauti nzuri. Hakuna aliyeshurutishwa. Kila mmoja ameingia kwa miguu yake na kutia sahihi. Hatuambiwi jinsi mashine ifanyavyo kazi, wala hatuna haja ya kuambiwa, kama vile msomaji wa Walenisi ya marehemu Katama Mkangi (1995) asivyodai kuelezwa injini ya chombo kimchukuacho Dzombo kutoka duniani. Sayansi katika kazi za namna hii ni mlango. Lililo muhimu ni chumba tuingiacho.

Hata hivyo, si haki kusema kwamba mlango huu ni wa ndoto tupu. Mwaka 2000, yaani miaka minne kabla ya filamu kutolewa, watafiti Karim Nader, Glenn Schafe na Joseph LeDoux wa New York University walichapisha matokeo ya majaribio yao juu ya panya. Panya waliofundishwa kuogopa mlio fulani walisikilizishwa tena mlio huo, ili kumbukumbu iamke, kisha wakatiwa ubongoni dawa izuiayo utengenezaji wa protini. Hofu ile ikadhoofika. Dawa hiyo hiyo ikitiwa bila ya kuiamsha kumbukumbu kwanza, hofu ilibaki vile vile. Jambo hilo ladokeza kwamba kumbukumbu haikai kichwani kama barua iliyofungwa sandukuni: kila itolewapo huwa laini, na hapo yaweza kuandikwa upya au kuharibika. Katika filamu daktari humwagiza Joel kukusanya kila kitu nyumbani mwake chenye kumkumbusha Clementine, kisha kuvitazama kimoja kimoja huku mashine ikichora ramani ya kichwa chake. Kumbukumbu huamshwa kwanza ndipo ipate kuuawa. Toka panya wa kuogopa mlio hadi mtu wa kupenda mtu ni mbali sana, na hakuna aliyeufikia mwisho wa njia hiyo. Lakini waandishi hawakuianzia hewani.

Kwa upande wa fani, Gondry amefanya jambo la kupendeza: ameepa kadiri alivyoweza ufundi wa kompyuta, akatumia hila za jukwaani. Katika tukio ambapo Joel ajiona mwenyewe ameketi mbele ya daktari, Carrey alikuwa akikimbia nyuma ya kamera na kubadili mavazi ili atokee pande zote mbili bila picha kukatwa. Jiko la utotoni, ambamo mtu mzima aonekana mdogo chini ya meza, lilijengwa kwa vipimo vya udanganyifu, upande mmoja mkubwa na mwingine mdogo. Dukani vitabu hupoteza maandishi ya majalada yao, safu baada ya safu, hadi Clementine asimama mbele ya kuta za vitabu vyeupe. Taa huzimika moja moja. Mpigapicha Ellen Kuras huwafuata wahusika kwa kamera itikisikayo, kama mtu atafutaye kitu gizani na kurunzi. Matokeo yake ni kwamba usahaulifu katika filamu hii una uzito wa vitu. Kuta zaondoka, nyuso zalainika hazina macho wala pua, gari ladondoka toka juu. Mtazamaji haambiwi kuwa Joel anasahau. Anaona nyumba ikivunjwa na wenyewe wangali ndani.

Mpangilio wa wakati nao wahitaji neno. Filamu yaanza na Joel akiamka asubuhi ya sikukuu ya wapendanao, akilikwepa treni la kazini na kupanda la kwenda Montauk, kwenye ncha ya Long Island, wakati wa baridi kali. Huko amkuta mwanamke mwenye nywele za buluu, nao huanza kuzungumza kama watu wasiojuana. Kiasi cha dakika 17 hupita kabla ya majina ya waigizaji kuonekana, na ni baadaye sana ndipo tutambuapo kwamba ule tuliodhani ni mwanzo u karibu na mwisho. Rangi za nywele za Clementine ndizo kalenda yetu: kijani siku walipokutana kwa mara ya kwanza, kisha nyekundu, kisha rangi ya chungwa, na buluu baada ya kila kitu kufutwa. Mtazamaji asiyeziangalia hupotea njia. Twadhani kupotea huko kumekusudiwa, kwa kuwa kwa dakika hizo za kwanza nasi huwa tumo katika hali ya wahusika: twaona mapya yaliyo makuukuu.

Sasa turejee kwenye swali letu. Joel anabadili nia wapi? Si katika kumbukumbu ya anasa wala ya safari. Ni chini ya blanketi, pale Clementine amsimuliapo jinsi alivyojiona mbaya wa sura alipokuwa mtoto, na jinsi alivyokuwa na mwanasesere mbaya aliyempa jina lake mwenyewe, akamwamuru awe mzuri, kana kwamba mwanasesere akigeuka naye angegeuka. Hapo ndipo Joel aombapo kwa mara ya kwanza aachiwe hiyo moja tu. Tutazame vema ni kitu gani anachotaka kubakishiwa. Si siri yake. Ni siri ya mwingine aliyokabidhiwa. Utoto ule ni wa Clementine, aibu ile ni ya Clementine. Joel ni mtunzaji tu. Kampuni iliyomwuliza kama aridhia kufutiwa haikuwa na swali la kumwuliza juu ya amana za watu.

Hapa lugha yetu yatusaidia kuliko istilahi nyingi za elimu ya nafsi. Kitenzi penda chaweza kusimama na mtenda mmoja. Mtu aweza kumpenda asiyemjua hata jina. Lakini pendana chadai wawili, na hata tukisema kwamba Joel alipendana na Clementine, yule wa pili hawezi kuondolewa katika sentensi bila ya sentensi kuvunjika. Kuachana nako ni vivyo hivyo: hata utengano, kwa Kiswahili, hutendwa na wawili. Ama sahau ni kitenzi cha namna nyingine. Kusahau ni jambo limpatalo mtu, si jambo alitendalo. Twamwambia rafiki aliyefiwa au aliyeachwa asahau, naye hawezi kutii kwa kukusudia. Siku ndizo zitiizo kwa niaba yake. Hata katika asili yake ya Kiarabu neno hili lahusu kughafilika, na hakuna aghafilikaye makusudi. Kikitiwa kiambishi cha kutendana kitenzi hiki hukaa vibaya mdomoni. Kikitiwa kiambishi cha kusababisha, hata hivyo, hupata sahaulisha, na hapo ndipo Lacuna ilipofungua duka lake. Husahaulisha, tena upande mmoja tu wa jambo lililotendwa na pande mbili. Kosa la mashine ile, kama twaweza kuliita kosa la sarufi, ni kuchukua kitenzi cha kutendana na kukifanya kana kwamba ni cha mtu mmoja.

Kosa hilo laonekana katika mwenendo wa Patrick (Elijah Wood), fundi aliyeiba vitu ambavyo Joel alivitoa vikatupwe. Kwa barua za Joel, zawadi za Joel na maneno ya Joel, amtongoza Clementine aliyefutiwa, na kumpeleka hadi kwenye mto ulioganda wa Charles, mahali ambapo wale wawili walilala chali wakitazama nyota. Clementine hajui ni kwa nini maneno mazuri yamtia hofu. Twaona kwamba kilichofutwa kwake hakikutoweka. Kimeachwa mlangoni, na apitaye kwanza amekiokota.

Lakini kisa kilicho kizito kuliko vyote katika filamu hii, na ambacho kwa maoni yetu ndicho moyo wake, ni cha Mary (Kirsten Dunst). Kwa muda mrefu twamwona msichana mchangamfu tu, ampendaye Stan kijuujuu na kumstahi mno daktari. Hupenda kukariri semi za watu wakuu zisifuzo usahaulifu. Amnukuu Nietzsche, kisha, mbele ya daktari usiku ule, amnukuu mshairi Mwingereza Alexander Pope, akiligeuza jina lake kwa wasiwasi hata likasikika kama la baba mtakatifu. Jina la filamu limetoka katika shairi hilo hilo, lililochapishwa mwaka 1717 juu ya Héloïse na Pierre Abélard, wapenzi wa Ufaransa ya karne ya 12 walioandikiana barua baada ya kutenganishwa kwa ukatili, yeye akawa katika nyumba ya watawa na Abélard akiwa amehasiwa kwa hila ya mjomba wa mpenzi wake. Maneno yaliyochukuliwa yawasifu wale wasio na doa la kukumbuka. Alitamkaye katika shairi, hata hivyo, si mmoja wao. Ni mwanamke akumbukaye kila kitu na ashindwaye kutubu. Mary hajui hilo. Hajui pia kwamba yeye mwenyewe ni mgonjwa wa zamani wa Lacuna. Ambusu daktari akidhani ni mara ya kwanza. Mke wa daktari, aliyefika na kuchungulia dirishani, ndiye atamkaye ukweli: Mary alikwisha kuwa mpenzi wa Howard, na kumbukumbu hiyo ikafutwa.

Hebu tufikiri hali hiyo ilivyo. Howard asema kuwa Mary mwenyewe ndiye aliyetaka, na yawezekana ni kweli. Lakini kila asubuhi baada ya hapo msichana huyo aliketi mezani pake, akapokea simu, akamletea mwajiri wake majalada na tabasamu, bila kujua kwamba mtu aliyemwamkia ajua mwili wake na siri zake. Mmoja ajua, mwingine hajui. Na ajuaye ni mwanamume, ni mkubwa wa kazi, tena ndiye mwenye mashine. Mke wake naye ajua. Aliyepoteza ni mmoja tu, naye ndiye mnyonge kuliko wote. Yale yaliyokuwa ya wawili yamekuwa mali ya Howard peke yake. Wala ufutaji haukumponya: Mary amempenda tena mtu yule yule, kwa sababu zile zile, safari hii bila hata kinga ya kumbukumbu ya maumivu ya kwanza. Filamu ingaliweza kufanywa juu ya Mary tu, nasi tungalikuwa na tamthilia kali zaidi, isiyo na ufuo wa bahari wala theluji ya kupendeza.

Kitendo afanyacho Mary baada ya kuisikiliza kanda yake ndicho kitendo pekee cha haki katika filamu nzima. Achukua majalada ya ofisi na kumrudishia kila mgonjwa kanda yake, bila kuuliza kama waitaka. Wako wanaoona hapo ukatili, na hoja yao si nyepesi: yule mwanamke wa mbwa, mathalani, atapata nini kwa kupelekewa kilio chake kwa posta? Hata hivyo twamtetea Mary. Ofisi ilichukua, yeye amerudisha.

Baada ya kuisifu filamu kwa kiasi hicho, hatuna budi kutaja upungufu wake, nao wahusu swali lile lile. Clementine ndiye aliyefutiwa kwanza. Ufutaji wake hatukuuona. Hatujui kama naye alibadili nia katikati ya usiku, kama alikuwa na kumbukumbu moja aliyoomba aachiwe, kama alikimbia na Joel wa kichwani mwake akimficha huku na huku. Karibu kila Clementine tumwonaye kwa muda wa saa nzima ni Clementine wa Joel. Hata ule ujanja mzuri wa kujificha katika kumbukumbu za utotoni na za aibu, ambamo mashine haitamtafuta, ujanja ambao mwanamke huyo autoa, kwa kweli umetolewa na Joel akijisemesha kwa sauti ya mpenzi wake. Filamu yenye kulalamika kwamba mali ya wawili imefanywa ya mmoja, yenyewe imetupa mapenzi ya wawili kutoka katika kichwa cha mmoja. Kaufman yaonekana alilijua hilo, kwa kuwa amempa Clementine maneno ya kuwaonya wanaume wamwonao yeye kuwa ni wazo la kuyakamilisha maisha yao, ilhali ni mtu tu mwenye taabu zake. Lakini kumpa mtu neno la kulalamika si sawa na kumpa nafasi.

Tulinganishe na filamu nyingine iliyochanganya mapenzi na sayansi, Solaris ya Andrei Tarkovsky, iliyotengenezwa katika Urusi ya Kisovieti mwaka 1972 kutokana na riwaya ya Mpolandi Stanisław Lem ya mwaka 1961. Mwanasaikolojia Kris Kelvin, akiwa katika kituo kielea juu ya sayari yenye bahari ihisiyo, aamka na kumkuta Hari, mkewe aliyejiua miaka 10 nyuma, ameketi chumbani. Bahari imemfinyanga kutoka katika kumbukumbu za mumewe. Kuna jambo dogo pale lisilosahaulika: gauni la Hari lina kamba za kufungia, lakini halifunguki, hata Kelvin hulazimika kulikata kwa mkasi. Kumbukumbu ya mume haikushika jinsi vazi la mke lilivyofungwa. Kwa kamba hizo Tarkovsky ametuonyesha mpaka wa kumbukumbu ya mmoja. Tena Hari haridhiki kuwa kivuli. Ajifunza kuwa peke yake, ateseka, ajaribu kufa, na mwisho, bila kumwaga Kelvin, aomba wenzake wamwangamize. Ameanza kama kumbukumbu ya mtu na kumaliza kama mtu. Clementine wa kichwani mwa Joel hana gauni la namna hiyo. Kila kitu chake chafunguka. Hafanyi hata mara moja jambo ambalo Joel hakulitaka au hakuliogopa, na hapo twadhani Tarkovsky amekwenda mbali kuliko Gondry, ingawa filamu yake ni nzito na yachosha wengi.

Clementine wa kweli hupata kusema mwishoni tu, katika ujia mwembamba nje ya nyumba ya Joel. Kanda zimekwisha kufika. Garini Joel ameisikia sauti ya mwanamke huyu, ambaye kwake ni mgeni wa siku moja, ikimweleza kuwa ni mtu wa kuchusha. Naye Clementine amefika nyumbani na kumkuta Joel akisikiliza sauti yake mwenyewe ikimdharau kwa maneno ya aibu. Aondoka, Joel amfuata, amwomba angoje. Clementine amwambia yatakayotokea: Joel ataanza kuziona kasoro zake, naye atachoka na kujiona amefungwa, kwa maana ndivyo awavyo. Joel ajibu kwa neno moja dogo la kukubali. Clementine alirudia neno hilo, huku akilia na kucheka.

Stanley Cavell, katika kitabu chake Pursuits of Happiness cha mwaka 1981, alizichambua filamu za vichekesho za Hollywood za miaka ya 1930 na 1940, kama The Philadelphia Story ya mwaka 1940, ambamo mume na mke walioachana hujifunza kurudiana. Si vigumu kuiweka filamu ya Gondry katika ukoo huo, na wengine wamefanya hivyo. Lakini wale wa zamani hurudiana wakikumbuka. Hawa wawili hawakumbuki. Wanachokijua juu ya mapenzi yao wamekisikia kwenye kanda, kama mtu asomewaye hati ya deni lililoandikwa na babu yake. Na hapa yatubidi tutofautishe kusahau na kusamehe, maneno mawili ambayo katika mazungumzo ya kila siku huandamana hata yakafikiriwa kuwa ndugu. Deni husamehewa likiwa lajulikana: kiasi chake, siku yake, na aliyekopa. Mwenye kulichoma daftari hakusamehe kitu. Lacuna ilichoma madaftari, na kwa hiyo, kabla ya kanda kurudi, Joel na Clementine hawakuwa na uwezo wa kusameheana hata wangalitaka. Kitenzi hiki, tofauti na sahau, huchukua kiambishi cha kutendana bila taabu yoyote. Waumini na wazee huwaamuru watu kila siku wasameheane. Lile neno dogo la ujiani laelekea huko. Ni msamaha, tena wa ajabu, kwa kuwa makosa usameheayo mengine yamefutika na mengine bado hayajatendwa.

Je, watadumu? Picha ya mwisho yawaonyesha wakikimbia katika ufuo wenye theluji, na kipande hicho hicho charudiwa mara tatu kabla ya weupe kuwafunika. Mwenye kutaka matumaini ataona furaha ijirudiayo. Mwenye shaka ataona watu wawili waliokwama katika duara, wakifutana na kukutana bila mwisho. Sisi twaegemea upande wa shaka, ingawa si kwa ajili ya Joel na Clementine, ambao angalau sasa wana kanda zote mbili. Shaka yetu ni ya Mary. Mara ya mwisho kumwona atia masanduku ya majalada katika gari lake, Stan amesimama kando hajui la kusema. Kisha twasikia sauti yake katika maelezo aliyoyaambatanisha na kanda. Hatuambiwi alikwenda wapi, alipata kazi gani, wala kama yeyote kati ya wale aliowarudishia mali yao alipata kumwandikia. Kutoka hapo filamu haimtaji tena.